Sahani ya Mzee Tangawizi

Siku yangu ya kwanza studio niliambiwa nilale sakafuni na kunyoosha mkono juu, nikadhani wananitania. Hawakuwa wananitania. Tangu hapo nimelala kwenye sakafu za studio, kwenye vumbi la minada, kwenye tope la mashamba ya tangawizi, na mara moja chini ya meza ya kikao cha ukoo wangu mwenyewe, mpaka mgongo ukasema basi na ofisi nayo ikasema basi, karibu kwa pamoja. Sasa nimestaafu. Nyinyi vijana mnanipigia simu mkitaka niwaandikie siri za kuchezesha vikaragosi na kuongoza vipindi. Siri hazipo. Kuna mambo yaliyonishtua, mengine yananishtua hadi leo ninapoandika, na hayo ndiyo mtakayoyapata. Vyeo na mishahara sitavigusa. Mishahara mnaijua wenyewe, na vyeo vilinifikia wenye navyo walipohama.

Kabla ya hayo yote nilikuwa fundi makochi hapa Same mjini. Nilikuwa nimeshuka kutoka Myamba, juu milimani, kwa sababu sikupenda jembe na jembe halikunipenda mimi. Siku moja akaingia kibandani kwangu mzee mwembamba, koti limemzidi, akaanza kuokota vipande vya sponji chini ya cherehani.

"Hivi unavitupa?" akaniuliza.

"Ndiyo, mzee. Unavitakia nini?"

"Vinatosha kichwa."

"Kichwa cha nani?"

"Bado sijamjua," akajibu, akaomba mkasi.

Basi akakata, akakunja, akapaka gundi yangu bila kuniuliza, akabandika vifungo viwili vya koti mahali pa macho. Halafu akaingiza mkono. Jamani! Lile sponji liligeuka taratibu likanitazama. Nilirudi nyuma nikagonga cherehani, na neno lililonitoka mdomoni, naapa, lilikuwa "Shikamoo." Sponji likaitikia, "Marahaba, mwanangu, hujambo?" Nikasema sijambo. Mtu mzima, fundi, nina mteja anasubiri kochi lake, nasalimiana na takataka zangu.

Huyo mzee ndiye Zefania, mwalimu wangu. Hakunicheka. Alisema tu, "Umemsalimia mwenyewe, sijakulazimisha. Kesho njoo ukumbini." Alikuwa na kikundi kidogo kilichozunguka vijijini kufundisha watu habari za chanjo na maji safi kwa kutumia vikaragosi. Nilikwenda kesho yake kumwambia kwamba sina nafasi, nikarudi jioni nimekwisha kushona suruali ya kikaragosi.

Mzee Zefania alifundisha kwa kunung'unika. Mdomo wa kikaragosi, alisema, unafunguliwa kwa kushusha kidole gumba, siyo kwa kuinua vile vinne vya juu. Ukiinua vya juu, kichwa chote kinaruka na anayetazama anaona mtu anayeuma nzi. Macho yatazame kitu kimoja, yatulie hapo, ndipo yahame. Kikaragosi kabla ya kusema kivute pumzi. "Hana mapafu," nilimwambia. "Na wewe huna akili, lakini tunakuvumilia," akanijibu. Mnaponisikia studio nikisema "pumzi, pumzi," hiyo sauti ni yake.

Kesi ngumu ya kwanza niliipata kwenye mnada wa ng'ombe kule tambarare. Tulikuwa na kikaragosi cha mzee mmoja mfugaji, tumemvisha shuka jekundu zuri, anawaeleza wafugaji umuhimu wa kuchanja mifugo. Mzee mmoja wa Kimasai akasogea na fimbo yake, akamsikiliza mpaka mwisho kwa adabu zote. Halafu akamuuliza, yeye, siyo mimi, "Mzee mwenzangu, una ng'ombe wangapi?"

Skripti haikuwa na ng'ombe. Nilibabaika kule nyuma ya pazia, nikamfanya kikaragosi aseme ukweli: hana.

"Hata mmoja?" Yule mzee alishtuka kweli kweli. "Basi nyamaza, baba, tumsikilize mwenye ng'ombe." Wakaondoka wote, wakatuacha na pazia letu. Mzee Zefania alikaa juu ya sanduku akacheka mpaka machozi, kisha akaniambia nisimtoe tena mtu mbele ya watu kabla sijajua anamiliki nini na anatafuta nini. Waandishi wa skripti walionichukia kwa kuuliza maswali hayo, sasa mnajua yametoka wapi.

Katika miaka hiyo baba yangu alifariki. Lazima nimweleze kidogo, maana kila kitu kinamrudia yeye. Aliitwa Mbonea, na alikuwa msimamizi wa ndiva ya kwetu. Kwa mgeni: ndiva ni bwawa la kuchimbwa mlimani linalokusanya maji ya kijito, halafu kwa zamu linafunguliwa ili mifereji ipeleke maji mashambani. Zamu ndiyo kila kitu. Ukifungua maji kwenye zamu ya mwenzako umejitafutia kesi ambayo watairithi wajukuu. Baba alisimama kwenye jiwe moja juu ya ndiva na kuita kwa sauti ambayo ilivuka bonde zima: "Wa juu fungeni! Wa chini fungueni! Na mimi nina njaa!" Hilo la njaa alimwambia mama. Na mama, kutoka jikoni kule chini, alijibu kila siku maneno yale yale: "Nimesikia! Njoo ule!" Sisi watoto tuliyasikia kama mnavyosikia kengele ya shule. Hakuna mtoto anayeisikiliza kengele.

Tulimzika nyuma ya nyumba, nami nilishika sururu na wenzangu. Baada ya matanga nikarudi kazini, kisha kikundi kikavunjika, na kituo kimoja cha runinga Dar es Salaam kikamtafuta Mzee Zefania. Yeye akawaambia amechoka, wamchukue fundi makochi.

Ndiyo hiyo siku ya kulala sakafuni. Kamera inamwona kikaragosi, wewe uko chini, na unachokitazama ni monita ndogo iliyowekwa kando ya shavu lako. Hiyo monita siyo kioo! Nyote mmelia kwa ajili yake. Ukisogea kulia, yeye anakwenda upande usioutarajia. Kipindi changu cha kwanza nilimwongoza kikaragosi akapishana na mgeni wa heshima aliyetakiwa kumpa mkono, akausalimia ukuta. Mwongozaji akauliza kwenye spika, mbele ya wote, "Huyu tumemtoa wapi?" Mtu akamjibu, "Upareni." Akasema, "Aa, sawa," hata leo sijui alikuwa na maana gani.

Nilizoea. Nikawa mwongozaji mwenyewe bila kuacha kulala chini, jambo ambalo wengi waliliona ni ukaidi. Siku tulipotaka kikaragosi kipya kwa kipindi cha watoto, nilimtengeneza mzee mfupi, kichwa cha sponji la godoro, ndevu za mkonge, pua iliyojikunja kama tangawizi ya kwetu, nasi tukamwita Mzee Tangawizi. Sauti hakuwa nayo. Nilijaribu nyembamba, nzito, ya mafua, zote zikakataa. Tulikuwa tunafanya mazoezi ya watoto wanaosukumana bombani, mtoto mmoja akamruka mwenzake kwenye foleni, nami nikafungua mdomo nimkemee kwa utani tu. Ikanitoka: "Wa juu fungeni! Wa chini fungueni! Na mimi nina njaa!"

Mtoto mmoja alianza kulia, kisha akacheka. Mimi mwenyewe nywele zilinisimama. Sikujua imetoka wapi. Mtaniuliza, ulikuwaje hukuitambua sauti ya baba yako? Nawaambia, sauti ukiwa ndani yake husikii wanachosikia walio nje; nilisikia koo langu likikwaruza, basi. Nilimpigia simu Mzee Zefania kumwambia Mzee Tangawizi amepata sauti. Akasema, "Mshukuru, na usimuulize ameitoa wapi."

Mzee Tangawizi akapendwa nchi nzima. Kila Jumapili alasiri alimaliza kipindi kwa kusema ana njaa, na watoto mitaani wakawa wanawaambia mama zao hivyo hivyo. Nilifanya kazi kama punda. Nyumbani milimani nilituma salamu, sukari, blanketi. Mwenyewe sikwenda. Kulikuwa na kurekodi, kulikuwa na kuhariri, kulikuwa na mikutano ambayo sikumbuki hata mmoja ulihusu nini.

Halafu simu ikalia. Alikuwa baba mdogo Zebedayo, mdogo wake baba. Sisi Wapare tunasemwa kwa kupenda kesi, nami siwezi kubisha wakati baba mdogo Zebedayo yuko hai. Huyo amewahi kumshitaki jirani kwa sababu jogoo wake anawika akiwa ameelekea kwetu.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Eliwaza, umemfufua kaka yangu."

"Ati nini?"

"Usiniambie ati nini. Mama yako anakwenda kwa jirani kila Jumapili kutazama runinga. Kipindi kikiisha anarudi, anapika makande, anapakua sahani mbili. Mbili, Eliwaza! Ya pili anaiweka mezani, anakaa nayo. Anampakulia marehemu. Na watu wanasema."

Nilikaa chini pale pale kwenye ngazi za ofisi. Hapo ndipo nilipomsikia Mzee Tangawizi kwa mara ya kwanza, kichwani, kwa masikio ya mtu wa bondeni kwetu, nikasema, Mungu wangu, ni baba. Baba mtupu! Nimekuwa nikimpeleka baba yangu kazini kila siku, nikimfungia kwenye kabati jioni, na sikujua.

"Kikao cha ukoo ni wiki ijayo," baba mdogo akaendelea. "Nimefungua shauri. Uje na mshitakiwa."

"Mshitakiwa si mimi?"

"Wewe ni shahidi. Aliyesema ni yeye. Aje ajibu mwenyewe."

Nilidhani ni mzaha mpaka nilipofika Myamba na sanduku langu nikakuta meza imewekwa uani kwetu, imefunikwa kitenge mpaka chini. Wazee walikuwa wamekaa kwenye mabenchi, na Mzee Shedraki, mwenyekiti wa ukoo, alikuwa ameshavaa miwani. Nilipoanza kueleza kwamba kikaragosi hakiwezi kujibu shauri, Mzee Shedraki akanikatiza kwa upole: "Kwenye runinga anajibu kila mtu. Kwetu ndiyo atatudharau?" Nikaingia chini ya meza, mimi mwongozaji mkuu wa vipindi vya watoto, nikanyoosha mkono.

Lililokuwa hatarini nilikuwa ninalijua vizuri. Baba mdogo alitaka sauti inyamazishwe moja kwa moja. Mzee Tangawizi bila ile sauti ni sponji la godoro, na bila yeye kipindi kimekufa na kazi yangu yote imekufa. Hilo lilinitisha. Kilichonitisha zaidi kilikuwa mama. Kama kweli akili yake ilikuwa inamrudia marehemu, basi mimi ndiye niliyekuwa ninaichokonoa kila Jumapili.

Kupitia upenyo chini ya kitenge nilikuwa ninaona miguu tu. Buti za mpira za baba mdogo, viatu vya ibada vya Mzee Shedraki, raba, makubazi, na mwisho wa benchi kandambili za bluu za mama.

"Mshitakiwa ajitaje," akasema baba mdogo.

Nikavuta pumzi, nikamvutisha na yeye. "Shikamooni wazee. Ndiyo mimi Mzee Tangawizi. Mmenitoa mbali, na mimi nina njaa."

Buti zilirudi nyuma. Viatu vya ibada vilirudi nyuma. Benchi lilianguka, mtu akataja jina la Yesu. Miguu yote niliyokuwa ninaiona ilirudi nyuma, isipokuwa kandambili za bluu. Zile zilikuja mbele. Zilikuja taratibu mpaka zikasimama kwenye ncha ya kitenge, karibu na pua yangu.

"Umechelewa," mama alisema. Tulikuwa tunazungumza Kipare, hapa namwandika kwa Kiswahili.

Ningejibu nini? Nilifanya kitu pekee nilichokikumbuka: baba akigombezwa kwa kuchelewa hakujibu kamwe, aliinamisha kichwa tu. Nikamwinamisha Mzee Tangawizi kichwa. Juu yangu nikamsikia mama akicheka kidogo, kwa pua.

Baba mdogo alijikaza. "Shemeji, kikao kinakuuliza. Kwa nini unapakua sahani ya pili?"

"Mtu akisema ana njaa mimi napakua. Ulitaka nifanyeje?"

"Lakini mtu mwenyewe hayupo!"

"Yupo," mama akasema. "Ni kwamba haji."

Nilisema moyoni, tayari, mama amekwenda. Kisha nikamsikia akiwageukia wazee, sauti imepanda: "Mmoja alishanyamaza, nikamsindikiza, sikumshitaki mtu. Na huyu naye mnataka anyamaze? Nibaki nasikiliza nini?"

Mzee Shedraki alifuta miwani muda mrefu, nilisikia kitambaa. Uamuzi wake ulimshtua kila mtu, na baba mdogo zaidi. Sauti isinyamazishwe. Ila ni sauti ya ndiva hii, imeondoka bila kuaga, kwa hiyo kila mwaka msimu wa maji ukianza Mzee Tangawizi aje mwenyewe, asimame kwenye jiwe la Mbonea, aite zamu ya kwanza. Akikosa kuja, shauri linafunguliwa upya. Baba mdogo akasema atakata rufaa. Akaulizwa wapi. Akasema atafikiri.

Mama akaleta makande, sahani mbili. Moja akakaa nayo yeye, nyingine akaiweka mezani mbele ya Mzee Tangawizi, mvuke unampanda kwenye ndevu. Nami sasa nilikuwa nimekaa nyuma yake na mkono wangu ukiwa ndani. Nilikuwa na njaa, nimesafiri toka alfajiri. Lakini chakula cha marehemu unakigusaje? Sikuthubutu. Nilimwinamisha Mzee Tangawizi mara mbili tatu kwa heshima, kisha nikamwambia mama gari la kituo linasubiri, nikaenda kula na dereva wake kwa Mzee Shedraki. Nilipogeuka nilimwona mama akiitazama ile sahani iliyojaa.

Ikawa hivyo kila mwaka. Tulipanda na gari la kituo, mpiga picha na dereva, nikasimama kwenye jiwe nimemwinua Mzee Tangawizi, nikaita. Chini mama akajibu, "Nimesikia! Njoo ule!" Watu wakapiga makofi, maji yakafunguliwa. Halafu sahani mbili, halafu gari linasubiri. Nilijiona mtoto mwema kupita kiasi. Nawaombea mama zenu uvumilivu wa namna hiyo.

Kustaafu kwenyewe mlikuwepo, mliona. Mlinipa saa ya ukutani. Nilikuwa nimeleta sanduku, nimeliwekea kitambaa kipya, kwa sababu haikunipitia akilini hata kidogo kwamba Mzee Tangawizi haondoki na mimi. "Ni mali ya kituo, mzee," mkurugenzi akanieleza, kwa adabu. Nilishikwa na butwaa. Nilimkata mwenyewe kutoka godoro! Kisha Rehema, binti niliyemfundisha mwenyewe kushusha gumba, akaingiza mkono, na Mzee Tangawizi akanigeukia akasema, "Shikamoo, mzee." Yeye kwangu! Miaka yote hiyo alikuwa mkubwa wangu. Nikaitikia marahaba, nikatoka nje nikasimama kwenye maegesho mpaka mlinzi akaja kuniuliza kama nimepoteza kitu.

Nikarudi Same, kwenye nyumba yangu niliyoijenga polepole, nikatundika saa. Msimu wa maji ukakaribia nami nikajifanya sijui. Ningepanda kufanya nini, mikono mitupu? Mshitakiwa mwenyewe yuko Dar kwenye kabati. Baba mdogo akapiga simu, nikajua ni rufaa.

"Shemeji hapakui tena sahani ya pili," akasema.

"Si ndicho ulichokuwa unakitaka, baba mdogo?"

"Ndicho." Akanyamaza. Sijawahi kumsikia akinyamaza katikati ya shauri. "Lakini hata ya kwanza haimalizi sasa. Amekonda. Nimemuuliza, kwani runinga si ipo, si anasema yale yale? Akaniambia, huyo wa sasa ameshiba."

Rehema anaifanya ile sauti vizuri, vijana, tusidanganyane. Kuna siku nilisikiliza nimefumba macho nikadhani ni mimi. Na bibi mmoja mlimani, mbele ya runinga ya jirani, amesikia kitu ambacho mimi mwalimu wake sikukisikia. Nilichukua gari la asubuhi. Lilipita Maore likaanza kupanda, na njia nzima nilikuwa ninawaza jambo moja tu, kwamba mama anajiachia kwa sababu mumewe amenyamaza mara ya pili, na safari hii kanyamazishwa na ofisi yangu.

Sikupitia nyumbani. Nilikwenda moja kwa moja ndivani. Watu wa zamu walikuwa pale na majembe yao, na baba mdogo amekunja mikono. Akatazama nyuma yangu, akatafuta sanduku.

"Yuko wapi?"

"Hakuja."

Nilidhani atafungua shauri hapo hapo. Akanionyesha jiwe kwa kidevu tu. "Panda," akasema.

Nikapanda. Mkono wa kulia ukainuka wenyewe, mtupu, vidole vinne juu na gumba chini, na sikuona aibu. Nikavuta pumzi. "Wa juu fungeni! Wa chini fungueni!" Bonde likarudisha. Hapo nikasita, maana lile la mwisho sikuwa na uhakika nalisema kwa niaba ya nani. "Na mimi," nikasema, "nina njaa!"

Kimya. Moshi ulikuwa unatoka kwenye paa letu kule chini, kidogo sana. Mtu mmoja akakohoa. Baba mdogo alikuwa anatazama lile paa kama mimi, midomo imekauka, na nikajua alikuwa ameogopa siku nyingi kuliko mimi.

"Nimesikia!" ikaja, nyembamba, ya kizee. "Njoo ule!"

Maji yakafunguliwa. Niliteremka karibu ninakimbia, na goti hili. Nilimkuta mama jikoni, mdogo kuliko nilivyomwacha, anapakua makande. Sahani mbili. Nikakaa. Akaisogeza ile ya pili mbele yangu, nami kwa mazoea mikono nikaiweka magotini.

"Huli tena?" akauliza.

"Mama, hii si ya baba?"

Alinitazama kama mtu anayetazama ndama mwenye vichwa viwili. "Baba yako tulimzika hapo nyuma, Eliwaza, na sururu ulishika wewe. Atakula makande na nani huko?"

"Sasa miaka yote hii ulikuwa unampakulia nani?"

Nilishtuka kabla hajajibu. Nawaambia, mnada, monita, kikao, saa ya ukutani, vyote ni mchezo wa watoto.

"Wewe," mama akasema. "Kila Jumapili ulikuwa unasimama mbele ya nchi nzima unasema una njaa. Nilijua ni nani yuko chini pale, nilikuzaa. Nikapakua. Hukuja. Ukija unamwinamisha yule mzee wako unaondoka, sahani imejaa. Nikasema labda huko mjini makande mmeyaacha."

Kazi yangu yote ilikuwa kuhakikisha hakuna anayeniona. Nilikunja mgongo, nilizuia kikohozi, niliwafundisha nyinyi kuficha hata kivuli cha kiwiko. Nilinyoosha mkono kwenye sahani, ule ule wa kulia.

Mama akanipiga kofi dogo juu ya vidole. "Mkono umeshinda ndani ya godoro miaka yote hiyo," akasema, akanisogezea maji. "Nawa kwanza."